Presha ya mimba ilinitesa kwa mtoto wa kwanza, nataka wa pili: hii aspirini ni kweli au maneno ya mtandaoni?

NuruYaAsubuhi

Habari zenu wakuu, mnivumilie maana nitaandika kirefu. Mimba yangu ya kwanza ilienda vizuri tu mpaka mwezi wa saba hivi, hapo ndo miguu ikaanza kuvimba, kila mtu ananiambia kawaida hiyo, mara uso nao ukavimba na kichwa kikawa kinauma hakisikii dawa, naenda kliniki presha 170 kwa 110 na mkojo umejaa protini, sikurudi nyumbani. Nikachomwa ile sindano ya magnesiamu (waliochomwa wanaijua) na mtoto akatolewa kwa oparesheni kabla ya wakati wake, akakaa chumba cha joto. Yupo, mzima, na utundu wake sina pa kuupeleka, namshukuru Mungu.

Sasa mimi na baba yake tunataka wa pili na mimi naogopa, ukweli ndo huo. Kila ninayemuuliza ana lake: huyu acha chumvi kabisa, huyu ukishashika mimba lala tu usiinuke, huyu kunywa vitamini C na E, na kuna mmoja kaniambia nilipata kwa sababu nilikuwa na mawazo mengi, yaani nilijitakia mwenyewe. Halafu juzi nakutana na video ya dada mmoja anasema utafiti umethibitisha ukinywa aspirini kila usiku presha ya mimba hairudi. Aspirini hii hii ya maumivu? Si tunaambiwa mjamzito asiiguse?

Ninachotaka kujua, hivi huko kwenye utafiti kuna kitu kipya kweli wamegundua kuhusu huu ugonjwa au bado ni yale yale ya kupima presha na kumwomba Mungu? Na kama hiyo aspirini ni kweli inaanza lini, maana sitaki nishike mimba ndo nianze kuuliza. Wenye uelewa tafadhali, na waliopitia pia. Wenye dawa za kuuza piemu wapite tu.

MamaPacha

Pole sana mpendwa. Mimi nilipewa aspirini kwa hawa pacha wangu, daktari ndo alinianzishia mwezi wa tatu, vidonge vidogo sio zile kubwa za kichwa. Presha ilipanda mwishoni kabisa wiki ya 37 wakanizalisha, hatukufika huko kwenye magnesiamu. Kama ni aspirini au ni bahati siwezi kujua, nasema nilichokiona.

MkungaWaZamu

Nuru pole, na kwanza hilo la mawazo mengi litoe kichwani leo hii. Chanzo cha huu ugonjwa kiko kwenye kondo la nyuma, ndo maana mpaka leo kinachoumaliza ni kondo kutoka, na ndo maana walikutoa mtoto mapema. Aliyekwambia ulijitakia mwambie aje wodini kwetu tumuonyeshe.

Mimi ni mkunga, nitaongea ya wodini, wenye vitabu watajazia. Chumvi na kulala kitandani ni ushauri unaotolewa kwa moyo mzuri lakini ulishapimwa ukaonekana hauzuii huu ugonjwa. Shirika la Afya Duniani tangu mwongozo wao wa 2011 walisema wazi hawapendekezi kupunguza chumvi kwa lengo la kuzuia kifafa cha mimba (ndo tunavyouita huu ugonjwa wako hata kama degedege halijaja), wala kupumzishwa nyumbani au kulala kitandani kwa lengo hilo, wala vitamini C na E, wala D. Sisemi ule chumvi kwa vijiko, nasema usijitese na chakula kisicho na ladha miezi 9 ukidhani ndo kinga. Na kulala muda wote kuna hatari yake, damu inaganda miguuni, mjamzito tayari damu yake inaganda kwa urahisi kuliko ya mtu mwingine.

Vinavyosaidia ni viwili na wala havina mbwembwe. Kimoja ni kalsiamu, kwa mama ambaye chakula chake hakina kalsiamu ya kutosha. Zamani tulikuwa tunasema gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, vidonge vikubwa, akina mama wanachoka wanaviweka kabatini, sisi wakunga tunajua. Sasa mwaka 2024 yakatoka majibu ya majaribio mawili, moja India na moja Tanzania, kila moja lina wajawazito 11,000 wa mimba ya kwanza, wakalinganisha miligramu 500 na 1500. Kwa kuzuia kifafa cha mimba ile dozi ndogo haikuwa nyuma ya ile kubwa. Kwangu mimi hii ni habari kubwa kuliko mashine yoyote mpya maana kidonge ambacho mama anakimeza kweli ndo kidonge chenye kazi.

Cha pili ndo hiyo aspirini yako. Ni kweli, na ni dozi ndogo. Hapo kwenye dozi nchi hazifanani: Shirika la Afya Duniani wanasema miligramu 75, Marekani wanatumia 81, Uingereza wanaanzia 75 mpaka 150, kwa hiyo usichukue dozi ya kwenye video, chukua ya daktari wako. Inaanza karibu wiki ya 12 na inatakiwa iwe imeanza kabla ya wiki ya 16. Mimi hapo ndo huwa nalia na akina mama, mtu anakuja kliniki mara ya kwanza miezi sita, aliwahi kupata kifafa cha mimba, hakusema, hakuulizwa, muda wa aspirini ushampita. Wewe una sababu tosha ya kupewa kwa sababu ilishakupata. Wengine wa kundi hilo ni wenye presha ya kudumu, kisukari, ugonjwa wa figo, lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), mapacha. Wenye vidonda vya tumbo, mzio wa aspirini au pumu inayochokozwa na aspirini hao habari yao nyingine kabisa, waseme mapema.

Na wengi haiwarudii Nuru. Kwa ujumla ni kama mmoja kati ya sita au saba hivi ndo inamrudia, ila kadiri ilivyokuanza mapema ndo uwezekano unapanda, kwa hiyo wewe wa mwezi wa saba usijihesabu na yule iliyemuanza wiki ya 39.

KichwaNgumu

Wakuu tuache kumeza kila kitu kinachoitwa utafiti. Mimi nakumbuka hiyo aspirini ilishajaribiwa zamani ikaonekana haina maana, leo wanasema ina maana, kesho watasema tena haina. Halafu hizo tafiti wanafanyia wazungu huko kwao wenye vipimo vya kila aina, sisi tunaletewa majibu. Na aspirini inayeyusha damu, mama akitokwa na damu wakati wa kuzaa nani atajibu? Dada yangu kuwa makini.

BintiWaMaabara

@KichwaNgumu umeuliza la maana ingawa umeuliza kwa hasira haha. Ngoja nikujibu kwa mpangilio wangu mbovu.

Kweli ilishajaribiwa zamani. Jaribio kubwa la mwaka 1994 linaitwa CLASP, wanawake 9,364, aspirini miligramu 60, na majibu yakawa ya kukatisha tamaa, upungufu wa asilimia 12 tu ambao kitakwimu hauwezi kuutofautisha na bahati. Lakini angalia waliingia lini, kuanzia wiki ya 12 mpaka wiki ya 32! Mtu wa wiki ya 28 unampa aspirini ya kuzuia kitu ambacho kilishaharibika miezi mitatu nyuma. Wengine wakachukua yale majibu wakafunga faili, wengine wakakaa wakajiuliza kama tatizo ni dawa au ni saa.

Ndo tukafika 2017, jaribio la ASPRE. Hawa walipima kwanza wanawake karibu 27,000 wiki ya 11 mpaka 14 wakatafuta wenye hatari kubwa kwa kuunganisha historia ya mama, presha yake, ultrasaundi ya mishipa inayoleta damu kwenye kizazi, na protini mbili kwenye damu. Wenye hatari wakapewa kwa kura ama aspirini miligramu 150 usiku ama kidonge kisicho na dawa, mpaka wiki ya 36, na si mama si daktari aliyejua nani ana nini. Wakabaki 1,620 wa kuhesabiwa. Waliopata ugonjwa mkali wa kuzalishwa kabla ya wiki ya 37 ni asilimia 1.6 kwenye aspirini na 4.3 kwenye kidonge tupu. Hiyo ni pungufu ya zaidi ya nusu. ILA, na hapa dada wa kwenye video kadanganya, ule unaokuja mwishoni baada ya wiki ya 37 aspirini haikuupunguza kwa kiwango cha kutamba. Kwa hiyo MamaPacha wala hujakosea kusema hujui, wiki ya 37 yako inaingia vizuri tu kwenye hiyo picha. "Hairudi" sio kweli, kinachopungua ni ule mbaya wa mapema, ambao ndo ulimpata Nuru.

Habari ya wazungu: mwaka 2020 lilitoka jaribio lingine kwa jina lenyewe ASPIRIN, wajawazito karibu 12,000 wa mimba ya kwanza kutoka India, Pakistani, Guatemala, Kongo, Zambia na Kenya. Walianzishiwa miligramu 81 kati ya wiki ya 6 na 13. Hakuna ultrasaundi za kifahari pale. Watoto njiti wakapungua kutoka asilimia 13.1 mpaka 11.6, na vifo vya watoto tumboni na wiki ya kwanza vikapungua pia. Madhara kwa mama yakalingana kati ya makundi mawili. Kwa hiyo sio kwamba sisi tunaletewa majibu, majibu mengine yametoka kwetu.

Kutokwa damu ni swali la kweli, ndo maana haigawiwi kwa kila mjamzito kama pipi na ndo maana wengine wanaisimamisha wiki ya 36. Wahispania wameenda mbali zaidi, utafiti wao wa 2023 ulionyesha ukimpima mama damu kati ya wiki ya 24 na 28 ukakuta protini za kondo kwenye damu yake ziko sawa, unaweza kumsimamishia aspirini na asipate hasara.

NuruYaAsubuhi

Jamani asanteni, nasoma na kurudia. BintiWaMaabara unaposema kilishaharibika miezi mitatu nyuma una maana gani? Maana mimi miezi sita yote ya mwanzo presha yangu ilikuwa ya mtoto wa shule, 110 kwa 70.

BintiWaMaabara

Hapo ndo utafiti umefanya kazi kubwa kuliko hata hizo dawa dada, kuusogeza mwanzo wa ugonjwa nyuma.

Mimba ikiwa changa chembe za kondo zinachimba kuingia kwenye ukuta wa kizazi mpaka kwenye mishipa midogo iliyojikunja ya mama, zinaila kuta zake na kuipanua ili damu iingie nyingi na taratibu. Kwa baadhi ya akina mama kazi hii inaishia njiani, mishipa inabaki myembamba, hasa kwa ule ugonjwa wa mapema kama wako. Kwa nini inaishia njiani bado watu wanabishana, kuna wanaoangalia kinga ya mwili ya mama, kuna wanaoangalia vinasaba, kuna wanaosema ni moyo na mishipa ya mama tangu kabla ya mimba. Mtoto akiwa mdogo hiyo damu kidogo inamtosha. Anapokua mahitaji yanaongezeka, kondo linabanwa, nalo linaanza kumwaga protini kwenye damu yako.

Protini iliyo maarufu inaitwa sFlt-1. Mwaka 2003 kikundi cha daktari Ananth Karumanchi kule Boston walionyesha kwamba wenye ugonjwa huu wanayo nyingi kupita kawaida, na walipoizidisha kwa panya wajawazito, wale panya wakapanda presha na mkojo ukaanza kutoa protini, na figo zao zikaonekana zimeumia vile vile kama za mama mgonjwa. Kazi ya hiyo sFlt-1 ni kufyonza kama sifongo zile protini nzuri, mojawapo PlGF, ambazo zinatunza ngozi ya ndani ya mishipa yako ya damu. Zikiisha, mishipa inabana na inavuja, hapo ndo unapata presha, protini kwenye mkojo, uvimbe, kichwa, ini. Mwaka uliofuata wakaonyesha sFlt-1 inaanza kupanda karibu wiki tano kabla dalili hazijaonekana. Kwa hiyo ile 110 kwa 70 yako haikudanganya, ila ilikuwa inapima kitu cha mwisho kabisa kwenye foleni.

Kipimo kimetoka humo humo. Wanapima uwiano wa sFlt-1 kwa PlGF. Utafiti wa 2016 ulionyesha mama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa akiwa na uwiano wa 38 kushuka chini, uwezekano wa kutopata ndani ya wiki moja ni asilimia 99.3, yaani unaweza kumruhusu akalale kwake badala ya kumlaza kwa wasiwasi. Ukiwa juu ya 38 haina maana ataumwa lazima, ina maana macho yasitoke kwake. Kule Uingereza walijaribu mwaka 2019 kuwaonyesha madaktari majibu ya PlGF, muda wa kuujua ugonjwa ukashuka kutoka siku 4.1 hadi 1.9 na matatizo makubwa kwa akina mama yakapungua. Marekani waliidhinisha kipimo cha uwiano 2023. Penye hicho kipimo uliza, pasipokuwepo presha na mkojo bado vinaokoa watu kila siku.

Na za kutibu zinatafutwa. Afrika Kusini walijaribu metformini, hii ya kisukari, kwa akina mama 180 wenye ugonjwa wa mapema, walioipata walibaki na mimba wastani wa siku 17.7 dhidi ya 10.1, ila kitakwimu haikufika pale pa kusema tayari. Kuna waliotumia vipande vidogo vya RNA kuzima sFlt-1 kwa nyani, presha ikashuka. Mambo hayo bado yako jikoni. Na sio kila kinachoonekana kizuri kwenye makaratasi ni kizuri, sildenafili ilijaribiwa Uholanzi kwa watoto wasiokua tumboni, mwaka 2018 wakasimamisha jaribio ghafla maana watoto waliozaliwa walikuwa wanapata shida ya mapafu na wengine kufa. Kwa hiyo mtu akikutumia piemu dawa ya kufungua mishipa ya kondo kimbia.

KichwaNgumu

Hapo kwenye saa nimekuelewa. Ya damu bado sijaridhika ila sawa, asome mwenyewe aamue na daktari wake.

Zuhura_88

Samahani naingilia uzi, ila mbona magonjwa ya wanawake yote ni "kawaida hiyo" mpaka mtu azimie? Mimi mimba sina, nina endometriosisi (nyama kama ya ukuta wa ndani wa kizazi inaota nje ya kizazi), siku zangu nagaagaa sakafuni tangu niko shule na nimeambiwa ukizaa itaisha na madaktari zaidi ya wawili. Je huko kuna jipya? Na yule mdogo wangu akishika mimba anatapika mpaka anawekewa dripu anaambiwa anadeka.

BintiWaMaabara

Zuhura hujaingilia, ni familia moja. Endometriosisi inakadiriwa kuwapata asilimia 10 ya wanawake walio kwenye umri wa kuzaa, kama milioni 190 duniani, na kuijua inachukua miaka mingi, wengine zaidi ya kumi. "Ukizaa itaisha" sio tiba, wapo waliozaa na bado wanagaagaa. Kilichobadilika karibuni ni kwamba miongozo ya Ulaya ya 2022 haimlazimishi tena mgonjwa apasuliwe kwa kamera tumboni ndo aaminike, ultrasaundi iliyofanywa na mjuzi au MRI inaweza kutosha, na hata zikiwa safi unaweza kuanzishiwa matibabu ya homoni kwa dalili zako. Hiyo peke yake inakata miaka ya mtu.

Chanzo bado kinatafutwa. Nadharia ya Sampson ya miaka ya 1920 ya damu ya hedhi kurudi nyuma kupitia mirija inaelezea nusu ya stori, kwa sababu wanawake wengi mno damu inarudi nyuma na hawaumwi. Wajapani wa Nagoya mwaka 2023 walikuta bakteria aitwaye Fusobacterium kwenye ukuta wa kizazi wa asilimia 64 ya wagonjwa wao, wasioumwa hawakufika asilimia 10, na walipowapa panya antibiotiki vidonda vikapungua. Panya lakini! Usikimbilie duka la dawa.

Mdogo wako hadeki. Mwezi wa 12 mwaka 2023 Marlena Fejzo na Stephen O'Rahilly na wenzao walitoa kwenye jarida la Nature kwamba kichefuchefu kile kinahusiana na homoni inaitwa GDF15, inayotoka kwa wingi kwa mtoto na kondo. Mama ambaye kabla ya mimba alikuwa nayo kidogo mwilini, ubongo wake unaipokea kwa mshtuko mkubwa. Wenye thalasemia (ugonjwa wa damu wa kurithi), ambao wanaishi na GDF15 juu siku zote, hawasumbuliwi sana na kutapika. Fejzo mwenyewe aliumwa hivyo hivyo na mimba ikatoka, daktari wake akidhani anatafuta kuhurumiwa, na huyo ndo aliyekuja kuukata mzizi. Sasa wanatafuta kama kumzoesha mama hiyo homoni kabla hajashika mimba kutasaidia.

Anonimu_tu

Naomba kuuliza hapo hapo kwa aibu, yale maambukizi ya bakteria ukeni yenye shombo, natibiwa yanaondoka yanarudi, natibiwa yanarudi. Nimeshaambiwa naoga vibaya, nimeshaambiwa nguo za ndani. Nina mume mmoja.

MkungaWaZamu

Usione aibu mwanangu, hili naliona kila wiki. Acha kujiosha ndani kwa sabuni, hilo kweli linaharibu, ila sio ndo kila kitu. Miaka yote tulifundishwa kumtibu mwanamke peke yake. Mwaka 2025 mwezi wa tatu wakatoa utafiti wa Australia, wanandoa na wapenzi 164, kundi moja mwanamke tu anatibiwa, lingine na mwanaume naye anapewa metronidazoli ya kumeza na klindamaisini ya kupaka uumeni siku 7. Baada ya wiki 12 yalirudi kwa asilimia 63 kule alikotibiwa mwanamke peke yake, na 35 kule walikotibiwa wote. Wakalisimamisha jaribio kabla ya muda wake maana ilishakuwa wazi. Kwa hiyo ukirudi hospitali nenda na mume. Najua kumleta ndo kazi, mwambie mkunga kasema bila yeye ni kupoteza dawa. Na ukiwa mjamzito usiyaache maana yanaambatana na kuzaa njiti, japo kumtibu mjamzito asiye na dalili haijaonekana kupunguza hao njiti.

Anonimu_tu

Asante sana mama, namsomea hii hii.

MamaPacha

Haya turudi kwa Nuru. Mkunga, mimi nilizaa nikaambiwa imeisha nenda nyumbani. Nasikia watu wanasema inaacha kitu moyoni, ni kweli?

MkungaWaZamu

Ni kweli, na ndo kitu tunachokiongea kidogo kuliko vyote. Mtoto akishatoka macho yote yanaenda kwa mtoto. Kwanza wiki za mwanzo bado una hatari, kifafa kinaweza kuja baada ya kuzaa, kwa hiyo kichwa kisichoisha, kuona maruerue, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, kushindwa kupumua, unarudi hospitali usiku huo huo hata kama mtoto ana siku nne. Magnesiamu mnayoilalamikia inapunguza degedege kwa zaidi ya nusu, ilijaribiwa kwa akina mama zaidi ya 10,000 kwenye nchi 33, majibu 2002.

Halafu huko mbele. Aliyewahi kupata huu ugonjwa uwezekano wake wa kuja kuwa na presha ya kudumu ni kama mara tatu hadi nne ya mwenzake, na ugonjwa wa moyo na kiharusi karibu mara mbili. Haina maana utaumwa, ina maana presha yako ipimwe kila mwaka na kila daktari utakayekutana naye maishani umwambie, hata akikutibu jino. Uingereza walijaribu kuwapa akina mama mashine ya presha nyumbani baada ya kuzaa, anapima kila siku anatuma, daktari anarekebisha dawa kila inapobadilika. Baada ya miezi tisa hivi presha zao za chini zilikuwa pungufu kwa karibu 6 kuliko waliofuata utaratibu wa kawaida, na hapo wengi walishaacha dawa. Wiki zile chache za mwanzo zilitunzwa vizuri mwili ukakumbuka.

Nuru wewe presha yako ya sasa hivi ni ngapi?

NuruYaAsubuhi

Mh. Tangu ile kliniki ya wiki sita baada ya kuzaa sijapima tena, mtoto sasa anakimbia.

MkungaWaZamu

Basi safari inaanzia hapo sio kwenye aspirini. Kabla hujatafuta mimba nenda kapime presha siku mbili tatu tofauti, mkojo, damu ya kuangalia figo, na sukari. Kama unatumia dawa yoyote ya presha waambie unataka mimba, kuna ambazo hazitakiwi mjamzito azimeze, zile za jamii ya enalapuri na losatani, zinabadilishwa kabla. Karatasi za ulipolazwa kama unazo zichukue, kama huna kaombe, zimeandikwa wiki uliyozalishwa na daktari atazihitaji. Siku zako zikichelewa usisubiri tumbo lionekane, nenda ndani ya wiki 8, sema mwenyewe kabla hawajakuuliza: nilipata kifafa cha mimba, nilizalishwa mapema, naomba tuongee kuhusu aspirini na kalsiamu.

NuruYaAsubuhi

Jumatatu naenda kupima. Nitaleta namba hapa.